Siku nne Marrakech: riad au hoteli kubwa, na Sahara inaingia kweli?

"Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa mwishoni mwa Oktoba, tumeamua safari hii tujipe kitu cha maana, tunaenda Marrakech usiku 4. Tiketi tumeshalipa Dar mpaka kule, tumebaki na dola 3,500 za kulala, kula na kutembea. Mimi nataka riad, zile nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli ndogo, ndani ya mji mkongwe, mume wangu anasema hizo ni gesti za uchochoroni, bora hoteli kubwa yenye bwawa. Tunataka pia kulala usiku mmoja jangwani Sahara kwenye mahema, na kwenda hammam, yale mabafu yao ya mvuke, wawili pamoja. Yeye anatumia dawa za presha. Tumesikia hoteli za kule zinadai cheti cha ndoa, pasi zetu zina majina tofauti, na matapeli nao eti ni wengi. Tuanzie wapi?"

Hongera sana dada, wewe na shemeji, miaka 10 si mchezo. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona hela mnayo ya kutosha kabisa, kinachowabana ni muda. Usiku 4 maana yake ni siku tatu nzima na vipande viwili vya siku, na nyie mmeshaweka humo jangwa, hammam, mji mkongwe na ubishi wa hoteli. Mimi nimepanga safari za wawili wawili kwenda Moroko kwa miaka mingi sasa na waliorudi na manung'uniko karibu wote walikosea hapo hapo, walilipa hela nyingi halafu wakazimalizia ndani ya gari.

Kwa hiyo nianze na jangwa maana ndilo litaamua mengine yote. Ile Sahara ya kwenye picha, machuguu ya mchanga mwekundu na ngamia wamepangana, iko Merzouga, na kutoka Marrakech mpaka Merzouga ni zaidi ya kilomita 500, saa tisa mpaka kumi barabarani kwenda tu. Katikati kuna milima ya Atlas, mnapanda mpaka njia ya Tizi n'Tichka kwenye mita 2,260 hivi, kona juu ya kona, ni barabara nzuri ya kutazama ila mtu anayetapika kwenye gari haioni hiyo nzuri. Kuna wanaouza safari ya "siku mbili jangwani" wanaishia Zagora, nayo ni saa saba hivi kwenda na saba kurudi, na mchanga wa Zagora ni kidogo sana ukilinganisha na wa Merzouga. Niliwahi kukubali kumpangia bwana na bibi Merzouga ndani ya usiku 4, waliniomba sana nikaona niwaridhishe, wakafika machweo yameshapita, wakaamshwa alfajiri kuanza kurudi, na mpaka leo najuta kwamba sikuwakatalia. Nyie nawakatalia mapema.

Sasa utaonyeshwa kitu kinaitwa Agafay na utaambiwa ni "jangwa la Marrakech". Sio uongo lakini pia sio Sahara. Agafay iko kama kilomita 30 hadi 40 nje ya mji, ni mawe na udongo, vilima vimekauka rangi ya biskuti, mchanga wa machuguu haupo. Uzuri wake ni ukimya ule na milima ya Atlas mbele yenu, jua likizama vile vilima vinabadilika rangi taratibu mpaka mnasahau kuongea. Ukienda unajua unachokwenda kukiona utafurahi sana, ukienda unatafuta mchanga wa kuteleza utalia. Kambi za kifahari ziko, zina vitanda vya kweli na bafu la maji moto ndani ya hema. Ila mimi kwa usiku 4 nisingelala, ningetoka Marrakech saa tisa alasiri, nikaangalia machweo, nikala chakula cha usiku kwa taa za mafuta na moto wa kuni, saa nne usiku niko kitandani kwangu mjini. Kuhama kunakula nusu siku, kufunga begi, kusubiri gari, kusubiri chumba kisafishwe, na nyie hamna nusu siku ya kutupa. Chukueni makoti, jua likishazama kule baridi inaingia haraka mno.

Tuje kwenye ubishi wenu. Mume wako hajakosea kuogopa kwa sababu riad kwa nje haina sura yoyote. Unapita uchochoro mwembamba, kuta za udongo mwekundu hazina dirisha, mlango mmoja wa mbao, unaweza kudhani stoo. Hiyo ndiyo siri yenyewe ya nyumba hizo. Nyumba ya kule haijengwi kumpendeza mpita njia, inageuka ndani, vyumba vyote vinatazama ua wa katikati wenye miti ya michungwa au ndimu na chemchemi ya maji, na neno riad lenyewe maana yake ni bustani. Wewe kama umewahi kuingia nyumba za zamani za Lamu au Mji Mkongwe Unguja utaielewa mara moja, ule ukuta mnene na ua wa ndani unaoleta mwanga na upepo, heshima ya nyumba imefichwa ndani, barabarani kunabaki mlango tu. Joto la mchana linakwama kwenye zile kuta nene na hewa ya usiku inashuka uani, ndio maana kabla ya AC watu waliweza kuishi Marrakech ambako Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40. Oktoba yenu mwishoni itakuwa nzuri, mchana nyuzi 26 au 27 hivi na usiku unahitaji sweta.

Lakini huo ujenzi huo huo una gharama zake na wauzaji hawazisemi. Chumba kinachotazama ua kinapata mwanga wa ua tu, kwa hiyo cha chini kinaweza kuwa na giza mchana kweupe. Ua ni kama kisima cha sauti, mtu akicheka kwenye meza ya chai mnamsikia kitandani, na chumba kikiwa jirani na jiko basi saa kumi na mbili asubuhi sufuria zinawaamsha. Bwawa la uani mara nyingi ni la kujitumbukiza tu, sio la kuogelea, na wengi hawalipashi moto, na kwa vile jua halishuki mpaka chini maji yanakuwa ya barafu. Gari haifiki mlangoni, mnashushwa kwenye lango la karibu halafu kijana anakuja na mkokoteni wa mizigo. Haya yote yana dawa kama ukiuliza kabla ya kulipa, waandikie WhatsApp waambie mnataka chumba cha juu, mbali na jiko, waulize bwawa linapashwa moto au hapana, na kutoka mlangoni mpaka gari inapofika ni dakika ngapi kwa miguu. Wakikwambia zaidi ya tano tafuta nyingine. Mitaa ya Dar el Bacha, Bab Laksour na upande wa Kasbah ina riad nyingi nzuri ambazo gari inasogea karibu. Jambo la mwisho waombe mtu wao awapokee langoni siku ya kwanza, ramani ya simu ndani ya vichochoro vile inachanganyikiwa na kuta zinaziba mtandao.

Hoteli kubwa nazo nisizionee. La Mamounia ilifunguliwa mwaka 1923 ndani ya bustani ambayo sultani wa karne ya 18 alimpa mwanawe Mamoun, ndiko jina lilikotoka, na Churchill alikuwa mgeni wake wa mara kwa mara. Royal Mansour yenyewe ilijengwa kwa amri ya mfalme Mohammed VI, huko hupewi chumba, unapewa riad ndogo nzima peke yenu. Ni mahali pa ajabu kweli, ila usiku mmoja pale mara nyingi unapita dola 1,000, kwa hela yenu mtalala siku tatu halafu mkose ya chakula. Zile risoti za Palmeraie bei yake inavumilika na mabwawa yake ni makubwa, shida ziko nje ya mji, kila mkitaka kutoka ni teksi ya dakika 20 au 30, na watu wakishaona hivyo wanaishia kubaki hotelini. Kukaa bwawani siku nne si vibaya, ila kwa hilo Zanzibar ipo karibu zaidi.

Kwa hiyo nawapatanisha hivi. Chukueni riad moja nzuri usiku zote 4, ya dola 250 mpaka 300 kwa usiku, kwa hela hiyo kule unapata kitu cha kifahari kweli na vyumba vya nyumba nzima havizidi kumi, mnajulikana kwa majina. Halafu siku ya tatu mpelekeni mume kwenye bwawa lake, hoteli nyingi za nje ya mji zinauza pasi ya siku pamoja na chakula cha mchana, mnashinda kuanzia asubuhi mpaka jioni mnarudi kulala kwenu. Kulala itakuwa kama dola 1,200, Agafay na gari la peke yenu na chakula, pasi ya bwawa, hammam, mwongozaji wa nusu siku na chakula kizuri kila usiku mtabakiwa na kitu, na hicho kilichobaki ndicho cha zulia.

Hammam sasa, hapa nisikilize vizuri. Hammam ya umma ya mtaani wanaume na wanawake hawachanganyiki kabisa, ama wana milango tofauti ama saa tofauti, kwa hiyo wawili pamoja haiwezekani na usijaribu kuomba. Ya pamoja iko kwenye riad na hoteli, mnafungiwa chumba chenu, mnapakwa ile sabuni nyeusi ya zeituni, mnaachwa kwenye mvuke ngozi ilainike, halafu mnasuguliwa na glovu ngumu inaitwa kessa mpaka ngozi iliyokufa inatoka kama nyuzi, mwisho udongo wa ghassoul. Shida iko kwa mume. Kwenye joto lile mishipa ya damu inatanuka ili mwili upoe na presha inashuka, na dawa nyingi za presha nazo kazi yake ni hiyo hiyo ya kushusha, vikikutana mtu anasimama ghafla anaona giza, na sakafu ni marumaru yenye sabuni. Mimi ni mtu wa safari, sio daktari, na dawa za presha haziko za aina moja, kwa hiyo aende kwa daktari wake anayemfuatilia kabla ya kusafiri, ana kwa ana, amwambie nakwenda kwenye chumba cha mvuke, dawa yangu ni hii, naruhusiwa au hapana na kwa dakika ngapi. Wala asije akaruka dozi siku hiyo kwa akili yake mwenyewe. Akiruhusiwa basi anywe maji ya kutosha kabla, amwambie mhudumu mapema, aombe joto la chini, na akiinuka ainuke taratibu. Akikataliwa, akandwe na mafuta ya argan kwenye chumba cha kawaida wewe ukiwa kwenye mvuke, halafu mkutane kwenye chai.

Na tukiwa hapo kwenye hammam, jua kwamba tanuri linalochemsha maji ya zile za mtaani ndilo linalopika chakula kinachopendwa kuliko vyote mjini, tanjia. Nyama inawekwa kwenye chungu kirefu na samli, kitunguu saumu, bizari na ndimu ya chumvi, chungu kinafungwa mdomo na karatasi, kinapelekwa kwa yule mzee wa tanuri anakifukia kwenye majivu ya moto kwa masaa, kikitoka nyama inaachia mfupa wenyewe. Tajine, ule mchuzi wa kwenye chungu chenye kifuniko kirefu, utaipata Moroko nzima, tanjia ni ya Marrakech. Msiondoke bila kuila, na kwenye riad waagizeni asubuhi maana haiharakishwi.

Cheti cha ndoa. Kilichopo ni hiki, sheria ya Moroko kifungu cha 490 cha kanuni ya adhabu kinakataza mahusiano ya nje ya ndoa, na kwa ajili hiyo kwa miaka mingi hoteli zilikuwa zikiwadai cheti raia wa Moroko wenyewe. Wageni wawili wa nje kwa kawaida hawaulizwi kitu. Nyie mmeoana kihalali, majina tofauti kwenye pasi si tatizo, ila kwa amani ya moyo piga picha cheti chenu uwe nacho kwenye simu na nakala moja kwenye begi. Huko barabarani shikaneni mikono bila wasiwasi, mambo mengine yabaki chumbani. Kuhusu viza hujasema, na hili msilichukulie la mwisho, msitegemee aliyokwambia wakala wa tiketi wala mtu aliyesafiri mwaka juzi, nendeni wenyewe ubalozi wa Moroko hapo Dar mkiwa na pasi mkononi, leo kuliko kesho.

Matapeli wapo lakini wengi ni wa hela ndogo na mbinu zao ni zile zile. Kijana atakwambia njia imefungwa, uwanja mkuu ni huku, anakupeleka kwenye duka au kwenye mashimo ya kutengenezea ngozi halafu anadai hela, wewe sema "la, shukran" na usisimame. Kwenye Jemaa el-Fna, ule uwanja mkuu wa mji mkongwe, mtu wa nyoka au nyani ukimpiga picha umeshakodi, kwa hiyo usipige kama hutaki kulipa. Teksi ndogo mkubaliane bei kabla ya kukaa au awashe mita, na ya kutoka uwanja wa ndege mwachie riad wawatumie gari, uwanja uko karibu tu na mji na siku hiyo mtakuwa mmechoka. Ila lililo kubwa ni wanawake wa hina pale Jemaa el-Fna, watakushika mkono waanze kuchora kabla hujakubali, na ile hina nyeusi inayokauka haraka mara nyingi ina dawa ya kemikali inaitwa PPD, ile ile inayotia weusi kwenye piko, na wewe wa pwani umeshaona mikono iliyobabuka kwa piko. Hina halali ni kahawia au nyekundu. Wataka kupakwa, waambie riad wamwite mtu wanayemjua.

Mwongozaji mchukueni, nusu siku, mwenye kitambulisho cha serikali, siku ya kwanza kamili. Lakini elewa anavyokula. Mwongozaji wa bei ya chee anapata kamisheni kwenye kila duka anakowaingiza, na ile kamisheni muuza zulia hatoi mfukoni mwake, iko ndani ya bei unayotajiwa. Kwa hiyo unalipa kidogo asubuhi unalipia mchana. Lipeni bei kamili na semeni toka mwanzo hatuingii duka lolote leo, tunataka Madrasa ya Ben Youssef, kasri la Bahia na makaburi ya wafalme wa ukoo wa Saadi, basi. Madukani nendeni wawili peke yenu siku nyingine mkiwa mmeshajua njia, na bei mtakayotajiwa mwanzo ni ya kuanzisha mazungumzo, ila usiulize bei ya kitu usichokitaka, kule ukitaja namba ikakubaliwa kuondoka ni utovu wa adabu. Hela yao ni dirhamu na nje ya Moroko huipati kirahisi, kwa hiyo badilisheni mkishafika au toeni ATM, yuro au dola zote zinapokelewa, shilingi yetu hapana.

Bustani ya Majorelle, ile maarufu yenye nyumba ya bluu, tiketi inanunuliwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu, ukifika mlangoni mikono mitupu unarudi. Kata ile saa ya kwanza ya asubuhi, kufika saa nne watu wameshajaa mpaka ule ukuta wa bluu hauonekani.

Sijui kama nyie ni Waislamu, kwa kuwa unaandika kutoka Dar na hujasema. Kama ndio, kuna zawadi ambayo watalii wengi hawaipati, maana misikiti ya Moroko haiingiwi na asiyekuwa Muislamu, isipokuwa michache kama ule wa Hassan II kule Casablanca. Mkipanga Ijumaa iwe ndani ya safari nendeni Jumaa kwenye msikiti wa Koutoubia, mnara wake wa mita 77 umesimama toka karne ya 12 na unauona karibu kila kona ya mji. Ukiwahi kuuona ule msikiti wa Mohammed VI pale BAKWATA Kinondoni, utajua hizo nakshi zimetoka wapi. Msishangae wengi wakiswali mikono imeachiwa chini, kule ni madhehebu ya Maliki na sisi wa pwani tumezoea Shafii. Baada ya swala nchi nzima inakula kuskusi, maduka mengi ya sokoni yanafungwa mchana ule, basi siku hiyo msipange manunuzi. Muombe mpishi wa riad awapikie kuskusi ya mboga saba mle pale uani. Na kama si Waislamu, kuskusi ni yenu pia, Koutoubia mtaizunguka bustanini kwake na jioni taa zikiwashwa inapendeza vile vile.

Siku ya kufika msipange kitu. Kutoka Dar mtakuwa mmeunganisha Doha, Dubai, Istanbul au Cairo, na kama tiketi inaishia Casablanca bado kuna saa mbili na nusu mpaka tatu za gari au treni, mwili utakuwa umevunjika na saa ya kule iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ogeni, pandeni juu ya paa la riad kabla ya Magharibi, mwambieni mhudumu awaletee chai ya nana na biskuti za lozi, mkae tu. Adhana zitaanza msikiti mmoja, wa pili udakie, mpaka mji mzima, na mbayuwayu wakiruka juu yenu. Niandikie ukishachagua riad mbili tatu unazozipenda, nitakwambia ipi chumba chake cha juu kinapata jua.